Namba Nne

Mizani ya shangazi Holo bado iko Makoroboi.
Jiwe la robo limemeguka pembeni;
wateja wa zamani walijua, wakanyamaza,
kwa kuwa kila akipima aliongeza konzi.

Mimi nauza viungo: iliki, binzari, pilipili manga.
Tumbaku ya kiko ipo rafu ya chini, nyuma ya mdalasini,
kama mjomba mlevi siku ya posa.

Zamani ukuta huu ulikuwa na makopo thelathini.
Jivraj fundi saa alitaka kavu, isiyomtoa machozi kwenye lenzi.
Makanika wa meli alitaka nzito, ishindane na dizeli.
Mwalimu Bahebe alitaka ile ile ya jana,
na akinusa akaona siyo, alisimama mlangoni
mpaka achanganyiwe upya.
Wanawake wa Ukerewe walituma makopo kwa kivuko,
hela ndani ya fundo, fundo ndani ya kopo.

Daftari la madeni limekuwa daftari la makaburi.
Shangazi hakufuta jina. Aliweka kijistari,
deni akaliacha palepale.
"Atanilipa huko," alisema, "na riba."

Alikufa kwa kifua. Niseme na hilo.
Bugando walimpiga picha, daktari akaonyesha kwa kalamu
weupe uliokaa pasipo pake.
Asije mtu akaniambia tumbaku ni mashairi.
Beseni nilishika mimi.

Lakini Namba Nne!
(Moja, mbili na tatu zilikwisha kabla sijazaliwa.)
Nilimwomba aniandikie. Akacheka hadi akakohoa,
akasema niandike mwenyewe:
jani la Urambo, jepesi, makopo matatu ya Kimbo;
jani la Songea, la kukaushwa kwa moshi, kopo moja, lisijae;
asali ya Sikonge, "mpaka mkono ukatae kuachia";
kifuniko kimoja cha gongo;
funika kwa gunia bichi siku za kutosha.
Siku ngapi, shangazi?
"Za kutosha."

Mwezi wa tatu nilimpigia Kalunde, Urambo.
Kampuni, akasema, inataka jani la sigara tu,
daraja moja, rangi moja kama sare za shule,
na shamba lake la juu amepanda alizeti.
"Nina marobota mawili. Ukiyataka, sema leo."
Nikasema nayataka. Sijui kwa nini.

Kisha kopo la Nyanjige likarudi kutoka Nansio,
la bati, limebonyea, kila kovu lake nalijua.
Nilitegemea fundo. Nikakuta tumbaku
na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule:
Bibi ametutoka Jumapili. Imebaki nusu. Je, mnarudisha hela?

Nimerudisha, elfu tatu na mia tano, kwa simu.
Nikafunga duka saa tisa mchana,
nikaingiza pua ndani ya kopo.
Asali kwanza. Halafu moshi, wa kuni si wa mkaa.
Halafu kitu cha tatu
ambacho hakimo kwenye maandishi yangu.
Karafuu? Hapana. Ganda la chungwa? Karibu, lakini hapana.
Mchoyo yule! Kafa nacho.

Nimechanganya mara tano.
Ya kwanza iliwasha, ya pili ikaota ukungu,
ya tatu na ya nne nimewapa kuku wa jirani watandikiwe viota,
wanasema inafukuza utitiri.
Ya tano nimempelekea Jivraj Mtaa wa Rufiji.
Saa hazioni tena, pua anayo.
Akashindilia kiko kwa kidole gumba, akawasha,
akakaa kimya hadi nikaanza kuhesabu vigae vya sakafu.

"Siyo yenyewe," akasema.
Nikachukua kopo langu.
"Unakwenda wapi? Nipimie robo."

Nimebandika karatasi: Namba Tano.
Daftari jipya lina jina moja.
Marobota ya Kalunde yapo stoo, na mvua ikipiga ziwani
yanatoa harufu mpaka barabarani;
kijana wa duka la simu amelalamika mara mbili.